Nyayo za Msoma Mita

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Mama Usafi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki ofisi ya meneja wa usomaji mita. Alikuwa amekamua tambara na kulitandika juu ya mdomo wa ndoo, akingoja vigae vikauke ili arudishe kiti mahali pake, nyayo zilipoingia. Zilipita chini ya mlango uliofungwa, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa mtu anayewahi kazini lakini hataki kutoka jasho mapema. Zilikuwa za udongo mwekundu. Zilikata chumba kwa mshazari, zikakanyaga zulia dogo, zikasimama miguu sawa mbele ya kabati la mafaili kiasi cha dakika moja, kisha zikageuka zikaelekea dirishani.

Mama Usafi aliinama kuziangalia. Unyayo wa kushoto ulikuwa na mistari mistari, alama ya soli ya kiatu cha kazi kilichokula chumvi nyingi. Wa kulia ulikuwa na soli kwenye kisigino tu. Mbele kulikuwa na vidole vitano vilivyokanyaga chini vitupu, na kile cha mwisho kimemlalia mwenzake. Kidole kile Mama Usafi alikijua. Alianza kukiosha siku alipofariki dada yake, mwenye kidole akiwa na miaka mitatu.

"Kumbe leo kaanzia huko kwenye udongo," alisema, akalirudisha tambara majini.

Mwenye nyayo alikuwa msoma mita. Kazini walimwita Nusu Mlango, kwa sababu katika miaka kumi na minne ya kubisha hodi kwenye nyumba za watu hajawahi kufunguliwa mlango mzima. Kazi yake ilikuwa kutembea nyumba hadi nyumba, kufunua mfuniko wa shimo la mita, kufuta kioo kwa kidole gumba na kuandika tarakimu. Mashimo mengi yalikuwa na maji, maana mabomba ya idara ya maji yalivuja hapo hapo yalipopimwa. Ili usome mita ilibidi uingize mguu mmoja shimoni, na yeye alizoea kuingiza wa kulia. Mwanzoni mwa mvua, msumari wa mfuniko ulitoboa kiatu ukatoboa na nyama iliyokuwa ndani, na kwa kuwa Nusu Mlango alikuwa na sukari, kidonda hakikuona sababu ya kupona.

"Kaka, kidonda hiki kinataka mambo mawili," nesi wa zahanati alimwambia. "Kiwe kikavu, na kifunikwe. Ukiendelea kukitumbukiza kwenye matope, mguu huu utauacha hospitali."

Kwa hiyo Nusu Mlango aliomba buti. Buti za mwisho zilikuwa zimetolewa miaka minne kabla. Alijaza fomu, fomu ikapotea. Akajaza nyingine, ikasubiri sahihi ya mtu aliyekuwa likizo. Akajaza ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya meza ya meneja wakati bwana huyo alipopata wazo.

Meneja hakuwa mtu wa kupata mawazo mara kwa mara, na alipopata moja watu wote walilipia. Miaka sita aliyoongoza wasoma mita hakuwahi kuonekana nje isipokuwa kati ya mlango wa gari na mlango wa ofisi, safari ya hatua kumi na tisa, ambayo siku za jua aliifanya akiwa ameshikiwa mwavuli. Kila siku tarakimu zililetwa mezani kwake kutoka kila nyumba ya mji. Bado swali moja lilimkosesha raha.

"Nitajuaje kama wanatembea kweli?" aliuliza.

Mtu mwenye akili timamu angejibu kwamba mita haijisomi. Lakini waliokuwapo ni mhasibu na fundi wa kompyuta, nao walitikisa vichwa kwa uchungu kama watu waliofiwa. Hapo ndipo ilipoundwa kamati ya watu watatu, yaani wao wenyewe, ya kuamua kama saa ya mkononi inayohesabu hatua inafaa kununuliwa. Saa mbili zilichukuliwa dukani kwa majaribio. Moja angevaa Nusu Mlango. Ya pili angevaa meneja, kwa ajili ya kulinganisha.

Nusu Mlango aliitwa ofisini, akafungwa saa. Alisimama kwenye kigae kimoja, akijitahidi asikichafue.

"Bosi, na zile buti?"

"Buti zinasubiri jaribio. Kifungu cha vifaa vya nje mwaka huu kinabeba kitu kimoja tu, ama saa ama buti. Sasa wewe tembea vizuri tuone."

"Nikitembea vizuri mtanunua buti?"

"Ukitembea vizuri itaonekana saa zinafaa. Tutanunua saa."

"Na nikitembea vibaya, bosi?"

"Mtu anayetembea vibaya buti za nini?"

Nusu Mlango alifikiri kidogo, akasema sawa bosi. Mhasibu aliandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba mtumishi alielimishwa na akaridhika.

Fundi wa kompyuta aliitega saa ili hatua zote zifike moja kwa moja ofisini kwa meneja, na kweli zikafika. Jumatatu ile meneja alipoingia na kukuta vigae vyekundu alimwita fundi. Fundi alikuja na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane, akaisoma amesimama juu ya nyayo.

"Zinafika," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake."

"Haziwezi kufika bila matope?"

"Hiyo ni ile aina ya juu, bosi. Tulichukua ya kawaida."

Meneja alisema basi, ya kawaida inatosha kwa mtu wa kawaida. Akaketi.

Ofisi ilizoea upesi. Nyayo zilianza saa tatu kasoro, zikapumzika saa saba kwa dakika ishirini kwenye pembe yenye kapu la taka za karatasi, ambako kwa Nusu Mlango palikuwa kivuli cha ukuta wa shule, na zikaisha saa kumi na moja. Mhasibu alijifunza kunyanyua miguu bila kukatisha mazungumzo. Wageni waliambiwa wasogee kidogo, msoma mita anapita. Jumanne zilikuwa nyayo za vumbi la kijivu la mtaa wa mafundi seremala, Alhamisi za mchanga. Jumatano Nusu Mlango alisoma mtaa wa mlimani wenye ngazi, kwa hiyo nyayo zilipanda kiti cha wageni, zikapanda meza, zikapita kati ya kikombe cha chai na simu, zikateremkia upande wa pili. Meneja alishika kikombe zikipita, kisha akakirudisha.

Jumatano ya kwanza zilikanyaga fomu ya buti. Vidole vitano vilijipiga mhuri barabara juu ya neno "Sababu ya maombi", mahali ambapo Nusu Mlango alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo kwamba kiatu kimetoboka. Mtu yeyote angedhani sasa sababu imeeleweka. Meneja aliishika fomu kwa ncha za vidole.

"Hii imechafuliwa," alisema. "Ajaze upya."

Nusu Mlango alijaza upya, kwa mara ya nne.

Kuna siku nyayo ziliachana ghafla, moja hapa, nyingine kule karibu na mlango, ya tatu juu ya ukuta kwenye kimo cha kalenda. Meneja alipiga simu.

"Saa nne na robo ulikuwa unakimbia nini?"

"Mbwa, bosi."

"Kukimbia hakumo kwenye ratiba. Kunaharibu wastani."

"Nitamwambia, bosi."

Saa ya meneja, kwa upande wake, ilifanya vizuri kupita matarajio. Meneja alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa mkono akiongea, na aliongea sana, maana debe tupu haliachi kuvuma. Alikoroga pia chai mara nne kwa siku. Kufika saa sita mchana saa yake ilikuwa inasoma hatua elfu tisa. Siku ya kikao cha bajeti ilifika elfu kumi na saba, ikapiga mlio wa pongezi na kumwonyesha kikombe kidogo cha dhahabu. Nyayo zake hazikuonekana popote.

Kamati ililijadili jambo hili kwa uzito. Mhasibu alichora jedwali. Upande mmoja palikuwa na hatua elfu ishirini na mbili za Nusu Mlango na ndoo sita za maji machafu. Upande mwingine palikuwa na hatua elfu kumi na saba za meneja na sakafu safi.

"Tofauti si kubwa hivyo," alisema mhasibu.

"Na mimi nafanya na kazi nyingine juu yake," alisema meneja.

"Zako ni hatua safi, bosi. Ndiyo namna ya kusema."

"Sasa yeye kinachomshinda ni nini?"

Walimwita Mama Usafi wamuulize kama kuna jinsi ya kumfundisha mpwa wake kutembea. Walikuwa wanajua kuwa ni mtoto wa dada yake. Walijua pia kuwa wanaishi nyumba moja, na kwamba ndiye aliyemlea. Mambo haya yote waliyajua na hayakuwasumbua hata kidogo. Mama Usafi alisema atajaribu kuongea naye.

Jioni, nyumbani, aliweka beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi mbele ya kiti, akamwekea mguu ndani mwenyewe, kama alivyofanya miaka thelathini na kitu nyuma. Kidonda kilikuwa kimepanuka. Pembeni nyama ilikuwa nyeusi, na hakuhisi maumivu alipoguswa, jambo ambalo Nusu Mlango alilichukua kuwa nafuu. Mama Usafi hakulichukua hivyo.

Saa ilitetemeka mkononi. Maandishi yakatokea: Simama! Umekaa muda mrefu! Bado hatua mia nne!

Nusu Mlango alitoa mguu majini.

"Unakwenda wapi?"

"Nazunguka chumbani kidogo, mama mdogo. Zisipotimia wanaona."

"Vua kidude hicho ukitupe chooni."

"Nikikivua wataandika sikwenda kazini."

"Na ukiwa nacho wanaandika nini?"

Alizunguka meza mara nyingi, akiacha alama za maji ya chumvi sakafuni, na palepale alama hizo hizo zikawa zinazunguka kwenye ofisi iliyofungwa, gizani, kukizunguka kiti cha meneja. Asubuhi Mama Usafi alizikuta zimekauka na kubaki chumvi tupu.

Wiki ya tatu rangi ilibadilika. Ndani ya unyayo wa kulia, chini ya kidole gumba, palianza kuonekana duara la manjano, kisha duara likaingia wekundu ambao haukuwa wa udongo. Harufu ilikuja nayo. Mhasibu alileta chupa ya manukato ya chumbani, akapulizia.

Mama Usafi aliweka ndoo chini. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na moja na hajawahi kusema neno ambalo hakuulizwa.

"Bosi, naomba niseme."

"Sema, Mama."

"Mguu huu unaoza. Mimi namwosha, lakini siku nzima anautia kwenye maji ya mashimo yenu. Nesi kasema buti, basi. Jozi moja tu ya buti, bosi. Hebu angalia mwenyewe, si huu hapa?"

Meneja aliangalia. Tumpe haki yake, aliangalia vizuri, aliinama mpaka tai ikagusa goti. Mhasibu na fundi nao waliinama. Watu watatu wazima, wenye vyeti, waliinama juu ya unyayo wa mtu anayeoza akiwa hai, na kila mmoja aliuona.

"Mama," alisema meneja, akijinyoosha, "doa la namna hii linatoka kwa dawa gani?"

Mama Usafi alichukua ndoo yake. Alisema baadaye kwamba siku ile alimtazama yule bwana usoni akatafuta mahali pa kuweka chuki yake, asipaone, maana uso ule haukuwa na kitu ndani.

Hata hivyo kilio chake hakikupita bure. Kikao kilichofuata kiliona kwamba hali ya sakafu imekuwa hatari kwa viatu vya viongozi, hasa mvua zikiendelea, na kikapitisha ununuzi wa dharura kutoka kifungu cha vifaa vya ndani. Siku mbili tu zikapita na mtunza stoo akaja na mkokoteni. Juu yake palikuwa na jozi tatu za buti za mpira, nyeusi, ndefu mpaka magotini, bado zina unga mweupe wa kiwandani. Meneja alivaa zake juu ya suruali ya suti. Mhasibu alisema zinampendeza. Kuanzia siku hiyo kamati ilifanya kazi ndani ya buti, mezani, kwenye vigae, chini ya paa lisilovuja.

Saa kumi na moja walipotoka walizivua na kuzipanga nyuma ya mlango. Mama Usafi alimfuata mtunza stoo.

"Baba, niazime buti moja. Ya kulia tu. Zimelala pale bure mpaka kesho. Atawahi nayo mashimo yenye maji alfajiri, saa mbili nitakuwa nimeirudisha na nimeiosha."

Mtunza stoo hakuwa mtu mbaya. Alijikuna shingo.

"Mama, zimeandikwa jozi. Moja ikitoka, mimi nimepoteza jozi."

"Haipotei. Nitaijua ilipo."

"Daftari haliwezi kujua, Mama. Nisamehe."

Ijumaa ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, nyayo zilisimama katikati ya zulia. Miguu haikuwa sawa. Wa kulia ulikuwa umegeuka pembeni, na mbele yake palikuwa na alama za viganja viwili, ingawa saa haikutegwa kuhesabu viganja. Kisha hapakuja kitu. Meneja alisubiri mpaka chai ya saa nne na nusu, akapiga simu, haikupokelewa. Alimwambia mhasibu aandike kwamba mtumishi amesimama bila ruhusa. Mama Usafi alikuwa ameshaondoka mbio na aproni kiunoni.

Aliomba ruhusa ya siku mbili za kukaa hospitali. Alipewa moja.

Wiki saba nyayo hazikuja. Sakafu ilibaki inang'aa, na kamati, ambayo haikuwa na kitu cha kutazama, ilijadili rangi za mikanda ya saa. Walikubaliana bluu. Meneja alifikisha hatua elfu ishirini siku moja, akapewa na saa yake kikombe cha pili.

Jumatatu ya wiki ya nane, saa tatu kasoro dakika tano, Mama Usafi alikuwa amekamua tambara na anangoja vigae vikauke. Chini ya mlango uliofungwa uliingia unyayo wa kushoto wenye mistari mistari. Kando yake ikaingia alama ya duara, ndogo kama kizibo cha chupa, ya ncha ya mkongojo. Kisha unyayo wa kushoto. Kisha kizibo. Zilikwenda polepole sana. Zilifika mbele ya kabati la mafaili, zikapumzika, na kwa kuwa mtu hawezi kuingiza mguu shimoni akabaki amesimama kwa mkongojo, palitokea alama ya makalio, palepale alipokaa kwenye matope ili asome mita.

Mama Usafi alisimama na tambara mkononi mpaka zikafika dirishani. Hakuzifuta mpaka meneja alipoingia na buti zake na kumwambia azifute.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo kufunga jaribio. Ripoti ilikuwa ya kurasa mbili. Ilisema saa imedumu miezi mitatu bila kuharibika, haikuingia maji, na mkanda haukukatika hata siku ya tukio. Ilisema kwamba katika kipindi cha mwisho uchafu umepungua kwa zaidi ya nusu bila gharama yoyote ya ziada, jambo linaloonyesha kuwa mtumishi akijua anapimwa hujirekebisha. Kwa sababu hizo, saa inafaa kununuliwa. Kuhusu fomu ya buti, ya nne, mhasibu alikumbusha kwamba buti hutolewa kwa jozi, na mwombaji kwa sasa hana sifa.

"Aombe upya hali ikibadilika," alisema meneja, akigonga meza kwa mkono, na saa yake ikampongeza.

Zilinunuliwa saa arobaini, za bluu, kwa wasoma mita wote arobaini. Fundi alizitega wikiendi.

Jumatatu iliyofuata, kuanzia saa mbili na nusu, nyayo ziliingia chini ya mlango kwa msururu, nyekundu, za kijivu, za mchanga, nyingine zikitangulia, nyingine zikikwepana, mpaka kigae hakikuonekana. Meneja alinyanyua miguu akaendelea kusoma gazeti. Mama Usafi alizipitia moja moja kabla ya kutia tambara majini. Mbali ya mguu na mkongojo wa mwanawe, alihesabu watu ishirini na saba wenye nyayo za vidole vitupu.

Alikwenda stoo kuomba ndoo ya pili. Mtunza stoo alimpa fomu.